Vuli ya Mwalimu Mgeni Yamagata, Japani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Nafundisha Kiingereza katika shule mbili za sekondari ya chini mkoani Yamagata, kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Honshu, na wanafunzi wangu ni wa miaka 12 hadi 15. Nilikuja kusoma, nikabaki kufundisha, na hii ni vuli yangu ya sita. Kila Agosti ikikaribia kwisha simu yangu hujaa maswali: ya vijana waliopata kazi na wanafunga mizigo, ya wazazi wao, ya walimu wa Kenya na Tanzania wanaotaka kujaribu. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi mwaka hadi mwaka. Majibu ni ya mtu aliye Yamagata. Aliye Okinawa, kusini kabisa, atavaa mikono mifupi siku ambayo mimi natafuta glavu. Saa zote nilizotaja ni za Kiswahili.

Mnaposema vuli, ni vuli hii hii yetu?

Siyo, na afadhali ulielewe hilo kabla ya kupanda ndege. Pwani, vuli ni mvua ndogo zinazoanza Oktoba, mvua ambazo watu huzingoja wapande. Vitabu vikalichukua neno hilo kwa majira ambayo Wajapani huyaita aki. Wengine wakaona bora waseme mapukutiko, kwa jinsi majani yanavyopukutika. Mimi nasema vuli kwa mazoea, ila mambo ni kinyume: kwetu vuli mkulima anapanda, huku anavuna. Mwisho wa Septemba bonde zima la Yamagata huwa rangi ya dhahabu kwa mpunga, na Oktoba mashine za kuvunia hunguruma mpaka giza liingie.

Ukitaka kuielewa vuli ya hapa, kitazame kila kitu kama maandalizi. Theluji inakuja, kila mtu anajua siku zimehesabika, na yote wanayoyapenda watu wanayafanya sasa: kuimba, kukimbia, kupika kando ya mto, kukausha matunda, kupanda mlima. Wageni wengi hujifungia ndani baridi ya kwanza inapopiga, wakisema watatoka machipuo. Nawasihi wasifanye hivyo. Miezi hii mitatu ndiyo ambayo watu wa hapa huwafungulia wengine milango. Ikishafungwa na theluji, kila mtu yuko kwake.

Baridi inaanza lini, na ni kali kiasi gani?

Septemba bado kuna joto la kutokwa jasho. Watu husikia "kaskazini" wakadhani ni barafu tupu, na kumbe mji wa Yamagata uliwahi kufika nyuzi 40.8 tarehe 25 Julai 1933, rekodi ya Japani nzima iliyodumu miaka 74. Oktoba asubuhi utahitaji koti jepesi. Novemba usiku hushuka karibu na nyuzi sifuri, na theluji ya kwanza mjini huweza kuanguka mwezi huo huo.

Usibebe makoti mazito kutoka nyumbani. Yanayouzwa Nairobi na Mombasa hayakushonwa kwa baridi hii. Nunua huku fulana za ndani za joto, soksi nene na vile vipakiti vya kupasha mikono vinavyoitwa kairo. Leta leso zako, yaani khanga, badala yake. Jioni za Novemba mimi hujifunika leso mbili mabegani, na kila mgeni anayeingia kwangu huuliza maandishi yake yanasema nini.

Shuleni kuna pilika gani vuli?

Nyingi kuliko majira mengine yote. Muhula wa pili huku huanza kabla Agosti haijaisha, kwa kuwa mikoa ya theluji hufupisha likizo ya kiangazi ili irefushe ile ya baridi. Wanafunzi wa mwaka wa tatu, ambao ndio wa mwisho, wameshaondoka kwenye vilabu vya michezo, hivyo Septemba na Oktoba kuna mashindano ya "wachezaji wapya", yaani wa mwaka wa kwanza na wa pili waliorithi jezi. Tarehe 1 Oktoba ndiyo siku ya desturi ya kubadilisha sare, ya kiangazi ikarudi kabatini, ingawa siku hizi shule nyingi hulegeza kwa sababu joto linachelewa kuondoka. Oktoba pia kuna mtihani wa Kiingereza wa Eiken, na watoto watakujia ofisini wafanye nawe mazoezi ya kuhojiwa.

Mzigo wako hasa wewe mwalimu mgeni ni mashindano ya hotuba za Kiingereza. Mtoto anaandika, wewe na mwalimu Mjapani mnarekebisha, kisha anaikariri yote. Baada ya masomo mtakaa naye wiki nne, tano, mkirudia sentensi moja mpaka ulimi uizoee. Nilikuwa na msichana wa mwaka wa pili asiyeinua macho darasani. Aliandika juu ya babu yake aliyekata miti yake ya cheri kwa kuwa mgongo haukumruhusu tena kupanda ngazi. Cheri ndiyo fahari ya Yamagata, mkoa unaotoa sehemu kubwa ya cheri zote za Japani, na kila aliyekuwa ukumbini alijua maana ya mzee kukata miti hiyo. Hakupata tuzo. Babu mwenyewe alikaa safu ya nyuma na kofia mapajani, hajui neno la Kiingereza, na mwisho alikuja akaniomba ile karatasi kwa mikono miwili. Kazi hii ina siku zake za kuchosha. Siku hiyo haikuwa mojawapo.

Halafu kuna tamasha la utamaduni, bunkasai, na ndani yake mashindano ya kwaya. Kila darasa linaimba wimbo mmoja kwa sauti kadhaa. Anayeongoza ni mwanafunzi, anayepiga piano ni mwanafunzi. Mwezi mzima utawasikia asubuhi kabla ya kengele, korido nzima nyimbo tofauti zikigongana. Nenda ukawasikilize mazoezini. Simama nyuma tu, usiseme kitu. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo siku tatu mfululizo. Siku ya nne msichana mmoja akaniletea nakala ya wimbo na kunionyesha mstari wa sauti ya pili. Mpaka leo naweza kuuimba. Siku ya mashindano watoto hulia, walioshinda na walioshindwa, na hakuna anayewacheka.

Jambo moja la kuangalia: wanafunzi wa mwaka wa tatu. Tamasha likiisha hunyamaza. Mtihani wa kuingia sekondari ya juu uko mbele yao, vikao vya mzazi, mwanafunzi na mwalimu vimeanza, na wengi wakitoka shule wanakwenda tuisheni hadi saa tatu au nne za usiku. Michezo uliyozoea kuwachezesha darasani ipunguze. Ulizia walilala saa ngapi.

Wanafunzi humwonaje Mkenya?

Swali la kwanza, darasa lolote, mwaka wowote: "Mwalimu, unakimbia kasi gani?" Wana sababu. Vuli ni majira ya ekiden, mbio za kupokezana masafa marefu ambazo anayemaliza humvisha mwenzake utepe wa kitambaa uitwao tasuki, na Wakenya wamekuwa wakikimbia humo kwa miongo mingi, wa shule, wa vyuo na wa makampuni. Sendai, mji wa mkoa jirani, ndiko Samuel Wanjiru alikosoma sekondari tangu akiwa na miaka 15, kabla ya kushinda dhahabu ya marathoni Beijing mwaka 2008 kwa saa 2:06:32, Mkenya wa kwanza kuipata dhahabu hiyo. Walimu wazima huku hutaja jina lake kwa sauti ya chini, kama mtu anayemkumbuka mtoto wa mtaa wao.

Mimi si mkimbiaji, na huwaambia hivyo. Kisha huwasimulia habari ya sikukuu yao wenyewe. Jumatatu ya pili ya Oktoba ni Siku ya Michezo, iliyowekwa kuadhimisha ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo tarehe 10 Oktoba 1964. Katika michezo hiyo hiyo Wilson Kiprugut alipata shaba ya mita 800, na hiyo ikawa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya, nchi iliyokuwa haijatimiza hata mwaka mmoja tangu uhuru. Kwa hiyo nikiwa likizo siku ile nawaambia nasherehekea mara mbili.

Walimu wengine watakutajia Wangari Maathai. Alipozuru Japani mwaka 2005 alilipenda neno mottainai, lenye maana ya kusikitikia kitu kinachopotea bure, akalitangaza duniani. Utalisikia wakati wa chakula cha mchana sahani zikirudishwa na mabaki. Mimi huwafundisha neno letu: israfu.

Imonikai ni nini, na lazima niende?

Nenda. Ukiacha yote mengine niliyoandika humu, hili usiliache.

Imonikai ni kwenda kando ya mto na sufuria kubwa, kuni na watu, mkapika supu ya satoimo. Na satoimo ni nini? Ni majimbi. Wabara wa Kenya wanayaita nduma, Watanzania magimbi. Haya ya huku ni madogo, ya mviringo, yanateleza zaidi, lakini ni ukoo mmoja. Siku nilipoyaona yakimenywa kwenye kokoto za mto nilishika moja mkononi nikakaa nalo. Kwetu majimbi ni ya futari, yamepikwa kwa nazi, mamangu akiyachungulia asije akayavuruga. Sikutegemea kuyakuta huku.

Upande wa bara, mjini Yamagata, hupikwa kwa nyama ya ng'ombe, sosi ya soya, liki ndefu na konnyaku, kitu cha kijivu kilicholegea kama jeli kinachotokana na kiazi kingine. Upande wa pwani, Shonai, ni nguruwe na miso, rojo zito la soya iliyochachushwa. Usiulize mbele ya watu ni ipi bora. Septemba na Oktoba maduka ya vyakula huazima sufuria na kuuza kuni na mikeka ya kukalia. Unanunua nyama na majimbi, wanakukabidhi vyombo. Supu ikibaki, humimina viungo vya kari na tambi nene za udon, mkaanza kula upya.

Kuna na ile kubwa ya mji, kando ya mto Mamigasaki, mwezi Septemba. Sufuria yake ina kipenyo cha mita 6.5. Hutiwa tani tatu hivi za majimbi na tani moja na zaidi ya nyama, watu kama 30,000 wakala, na anayepakua ni katapila mpya kabisa iliyooshwa na kulainishwa vyuma kwa mafuta ya kulika. Inafaa kuiona mara moja. Lakini ile ya walimu wenzako kumi na wawili kwenye kokoto ndiyo itakayokufanya ujulikane. Ofisini watu hawa hawasemi mambo yao. Pale mtoni, mmoja anapuliza moto, mmoja anakata liki, naibu mkuu wa shule amekunja suruali, na ndipo nilipojua nani anamuuguza mama yake, nani alitaka kuwa baharia.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini?

Swali hili nalijua kwa tumbo langu. Katika supu ile nyama haikuchinjwa kihalali na pombe ya mchele hutiwa kama kiungo. Mwaka wa kwanza nilikaa na chupa yangu ya chai, nikatabasamu. Mwaka wa pili nikasema mapema, wiki mbili kabla, kwa maneno machache: sili nyama hii, sili pombe hata ya kupikia, majimbi nayapenda. Mwalimu wa sayansi akaja na sufuria ndogo ya pili kwa ajili yangu, akaniita nitie viungo mwenyewe. Tangu hapo ipo kila mwaka, na kuna walimu wawili wanaopakua kwangu kwanza. Watu wa hapa hujitahidi sana wakiambiwa mapema. Wakishtukizwa sufuria iko jikoni wanafadhaika, nawe unafadhaika.

Chakula cha mchana cha shule mnakula darasani pamoja na watoto. Mwanzo wa mwezi hutolewa orodha ya vyakula na vilivyomo. Isome na mtu, tia alama, siku zisizokufaa beba chakula chako. Vuli ina siku nzuri: wali wa chestinati, uyoga, na sanma, samaki mwembamba mrefu ambaye jina lake huandikwa kwa herufi tatu, vuli, upanga, samaki. Akichomwa kwa chumvi atakukumbusha chuchunge. Kuku wa Brazil mwenye alama ya halali hupatikana ameganda kwenye maduka ya jumla, na Sendai, mwendo wa saa moja na kitu kwa basi, kuna msikiti. Habari ya sosi ya soya, ambayo ikichachushwa huwa na pombe kidogo, kila mtu na rai ya mashekhe wake.

Na swala, na siku fupi?

Hapa ndipo mtu wa ikweta anapopata kizunguzungu. Mombasa jua linatua saa kumi na mbili na kitu, mwaka nenda mwaka rudi. Yamagata, siku ya mlingano wa Septemba, usiku na mchana vinapokaribia kuwa sawa, linatua saa 11:35 jioni. Miezi miwili baadaye, mwisho wa Novemba, linatua saa 10:20. Adhuhuri huingia saa tano na nusu, alasiri saa nane, magharibi saa kumi na dakika ishirini: swala tatu ndani ya saa tano, zote siku ya kazi. Hakuna adhana ya kukuzindua, utategemea simu.

Mimi nilimwendea naibu mkuu wa shule, nikamchorea jedwali la dakika, mwezi kwa mwezi. Alitaka kujua jambo moja tu, kwa nini saa zinahama, na nilipomwambia ni jua, akaafiki papo hapo. Nikapewa chumba cha kuhifadhia vifaa vya muziki. Weka mambo kwa namba na kwa maandishi, yanakwenda haraka.

Giza hilo la mapema huweza kumlemea mtu asiye na swala pia. Tembea mchana, hata dakika kumi, baada ya chakula. Usingoje wikendi.

Kweli nyumba hazina joto?

Kweli. Nyumba nyingi za kupanga hazina mfumo wa kupasha joto nyumba nzima. Unapasha chumba ulichomo. Kuna kotatsu, meza fupi yenye kipasha joto chini yake na blanketi limeifunika, ukiingiza miguu hutaki kutoka. Na kuna hita ya mafuta ya taa. Ndiyo, mafuta ya taa yale yale ya stovu na kandili. Utanunua dumu jekundu la lita 18, uende kituo cha mafuta, useme "toyu". Sisitiza neno hilo na hakikisha mwenyewe, kwani petroli ikiingia kwenye hita ni moto wa kuua. Izime kabla ya kujaza. Fungua dirisha dakika chache kila saa, kwa sababu hewa ya moto uliokosa pumzi haina harufu na haikuamshi. Usilale ikiwaka. Nayarudia haya kwa kila kijana anayefika, hata kama ananiona nina maneno mengi.

Kama una gari, matairi ya theluji yafungwe Novemba, kabla ya foleni. Utawaona majirani wakifunga vichaka vya bustani kwa mbao na kamba ili theluji isivivunje. Toka ukasaidie kushika kamba.

Hawa wadudu dirishani ni nini?

Kamemushi. Wanatafuta pa kupitisha baridi, na nyumba yako inawafaa. Usimponde, harufu yake ni ya dania iliyooza na haiondoki upesi. Mnase kwa utepe wa gundi. Kung'uta nguo kabla ya kuzianua, hasa ushungi. Wazee husema wakiwa wengi vuli, theluji itakuwa nyingi.

Na dubu? Mama anaogopa.

Mama ana haki. Katika mwaka wa serikali wa 2023, unaoanza Aprili, watu 219 walishambuliwa na dubu nchini Japani, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla, na mikoa ya kaskazini-mashariki ndiyo iliyoumia zaidi. Vuli ya 2025 hali ilikuwa mbaya hata wanajeshi wakapelekwa mkoa jirani wa Akita kusaidia kazi ya mitego. Sababu inaeleweka: miaka ambayo miti ya milimani, mibichi (beech) na mialoni, haizai, dubu hushuka kutafuta cha kunenepea kabla ya usingizi wa baridi, na vijiji vilivyobaki na wazee wachache vina mikaki, miti ya tunda nitakalolieleza hapa chini, isiyochumwa.

Kwa hiyo fuata matangazo ya shule na ya mji. Tembea na kengele mahali penye miti, usitoke peke yako alfajiri wala jioni, usiache takataka nje usiku. Siku dubu anapoonekana karibu, watoto huchukuliwa na wazazi kwa gari, na wewe utasimama getini ukihesabu. Mlimani nenda na watu. Na jirani mzee akikuomba umsaidie kuchuma kaki zake, itikia, maana unaulinda mtaa mzima.

Kaki ndiyo tunda gani?

La rangi ya machungwa, umbo kama nyanya. Kuna tamu na kuna za ukakasi, na nyingi za Yamagata ni za ukakasi: ukiing'ata mbichi mdomo unakauka kama uliyeng'ata bibo changa. Humenywa, zikachovywa kwenye maji ya moto, zikatundikwa kwa vikonyo chini ya ukingo wa paa mahali penye upepo. Baada ya mwezi zimenywea, nyeusi kidogo, tamu kama tende. Jirani yangu, bibi wa miaka zaidi ya 80, hunipa kamba mbili kila Novemba, nami hufungulia nazo wakati wa Ramadhani. Nyingine huondolewa ukakasi kwa pombe. Uliza kabla ya kula.

Tufani?

Septemba na Oktoba mapema. Shule hufungwa au watoto hurudishwa mapema kwa taarifa. Milima hutukinga kiasi, lakini mito hujaa. Tarehe 12 Oktoba 2019 tufani Hagibis ilizamisha sehemu nyingi za mashariki ya nchi. Jua kituo chako cha kukimbilia, weka maji na tochi.

Likizo nitembee wapi?

Kuna sikukuu ya wazee Jumatatu ya tatu ya Septemba, mlingano wa jua siku chache baadaye, Siku ya Michezo, Siku ya Utamaduni tarehe 3 Novemba, na tarehe 23 Novemba ya kushukuru kazi. Mwaka 2026 zile mbili za Septemba zinakaribiana hata siku ya katikati inakuwa sikukuu pia, na pamoja na wikendi unapata siku tano, tarehe 19 hadi 23.

Majani hubadilika rangi kuanzia juu kushuka: mwanzo wa Oktoba mlima Zao umewaka, mwanzo wa Novemba rangi zimefika mjini. Mimi naipenda Yamadera, hekalu la mwaka 860 lililopandishwa kwenye jabali, ngazi 1,015. Bashō, mshairi wao mkuu, alifika hapo mwaka 1689. Panda asubuhi mapema, wakati ukungu haujatoka bondeni. Wazee hupanda wakisimama kila baada ya ngazi chache, na kila anayekupita atakusalimu, itikia.

Kiswahili kitanifaa kitu huko?

Kuliko unavyodhani. Irabu zao ni zetu, tano, na silabi nyingi zinaishia na irabu. Wanafunzi wangu husoma sentensi ya Kiswahili siku ya kwanza na unaielewa, ila l na r huwa kitu kimoja kwao. Vuli moja, wakati wa mavuno, niliandika ubaoni: mpunga, mchele, wali. Pembeni nikaandika: ine, kome, gohan. Tatu kwa tatu, kila neno na mwenzake. Kisha nikaandika neno moja la Kiingereza, rice, ambalo linabeba yote matatu peke yake. Watoto walikaa kimya, halafu mvulana mmoja mwana wa mkulima akasema, "Basi Kenya wanalima." Nimekuwa na vipindi vingi, hicho ndicho bora.

Na jioni, anayeondoka ofisini husema anaomba radhi kwa kutangulia, nao wanamjibu "otsukaresama desu". Walimu wenzangu wa Marekani na Uingereza huhangaika kutafuta tafsiri. Wewe unalo tayari: pole na kazi. Liseme kwa moyo ule ule.

Nitapataje kazi yenyewe?

Kwa kifupi: kuna JET, programu ya serikali ya Japani ya kuleta wageni kufundisha, iliyoanza 1987, kuna bodi za elimu zinazoajiri moja kwa moja, na kuna makampuni yanayosambaza walimu. Uliza ubalozi wa Japani nchini mwako kama nafasi zipo, na uliza kuanzia Septemba, kwani nchi nyingi hupokea maombi vuli. Soma kwa makini sharti la kibali cha kufundisha lugha: hutakiwa uwe umesomeshwa kwa lugha hiyo miaka 12. Aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili aihesabu miaka yake mapema na kuandaa vyeti.

Upweke unaufanyaje, na nyumbani unapiga simu saa ngapi?

Upweke upo. Hunijia Novemba, Jumapili, baada ya saa kumi jioni. Nilichojifunza ni kuiwekea saa hiyo kazi: kukanda unga wa mahamri, kumenya kaki na bibi jirani, kuandika kadi za wanafunzi.

Simu ni rahisi, kwa sababu ya jambo nililoligundua mwezi wangu wa kwanza. Japani iko mbele ya Kenya kwa saa sita, mwaka mzima, bila kubadilika. Na saa ya Kiswahili nayo inapishana kwa saa sita na ile inayoandikwa kwenye karatasi za serikali. Maana yake, mshale wa saa ya ukutani huku Japani, ukiusoma kama ulivyo, unakuambia saa ya nyumbani kwa Kiswahili. Huku ikionyesha moja mchana, Mombasa ni saa moja asubuhi. Ikionyesha tisa usiku wa mapema, kwetu ni saa tisa alasiri. Sihesabu kitu. Natazama ukuta wa ofisi ya walimu na najua mamangu yuko wapi.

Mwisho wa Novemba, magharibi inapoingia, mshale mfupi umepita nne kidogo. Nje theluji nyepesi imeanza kushika kwenye paa la bwawa la kuogelea, watoto wa kwaya wameshakwenda, nami nakunja ushungi nikienda kutawadha. Kwetu ni saa nne na dakika ishirini asubuhi, na mamangu ameketi barazani na chai ya saa nne.